Boti haina kiti: fimbo ipi ya kuvulia samaki wakubwa ukiwa umesimama?

Swali la msomaji: "Shikamoo mzee. Nina boti ya faiba ya futi 24, mashine mbili za nje, hapa Shimoni. Kaskazi hii naanza kuwachukua wageni Mkondo wa Pemba. Boti haina kiti cha kuvulia samaki wakubwa, wala nafasi ya kukiweka haipo. Rafiki yangu aliyekuwa baharia kwenye boti kubwa ananiuzia fimbo mbili za futi saba, zimeandikwa ratili 80 hadi 130, tako lake limepinda. Anasema kwa nduwaro (marlin) lazima fimbo iwe ngumu. Dukani Mombasa nimeona nyingine fupi, futi tano na nusu, tena zinapinda sana. Fedha yangu haitoshi kukosea. Nichukue zipi?"

Marahaba, nahodha. Usizinunue hizo za futi saba, hata akikupunguzia nusu ya bei.

Rafiki yako hakudanganyi. Anakueleza alichokiona, na pale alipofanyia kazi ndivyo ilivyo. Kwenye boti kubwa mvuvi anakaa kitini, miguu imekanyaga ubao, kiti kinazunguka kumfuata samaki, na kamba kutoka kwenye rili, lile gurudumu linalokunja mshipi, zinashika kiti chenyewe au mkanda aliokalia. Uzito wote unaingia kwenye chuma kilichofungwa sakafuni. Fimbo ndefu na ngumu haimdhuru mtu wa namna hiyo. Tena lile tako lililopinda, yaani mwisho wa chini wa fimbo, limetengenezwa kwa ajili hiyo hasa: linakaa kwenye kikombe cha kiti katikati ya mapaja, na rili inabaki pale mikono inapofika. Mtu aliyesimama akilichomeka kwenye kikombe cha mkanda anaouvaa mapajani, mpindo unailaza fimbo mbele, ncha inakwenda mbali naye, na kila inchi ya umbali huo anailipia kwa mgongo.

Hapo ndipo lilipo jambo lote. Watu wakienda kununua fimbo humuwaza samaki. Mimi nakuomba umuwaze mteja wako kwanza, mtu wa miaka hamsini ambaye mwaka mzima ameukalia mto wa ofisini, naye kesho atasimama tezini kwako, nyuma ya boti, akiwa na jodari wa kilo 50 chini ya boti. Fimbo ni wenzo, na katika mkono wa aliyesimama wenzo huo unamsaidia samaki. Wewe umeshika karibu na mhimili, samaki ameshika ncha. Aliyewahi kubeba maji kwa mzegazega anaijua habari hii: ndoo ile ile, ukiisogeza mbali na bega, inakuwa nzito ingawa maji hayakuongezeka.

Tuhesabu kidogo, maana hesabu hii ndiyo iliyonibadilisha mimi. Tuseme samaki yuko chini moja kwa moja, breki ya rili (mvuto ambao ukizidi, rili inauachia mshipi) imewekwa kilo 8, na fimbo umeinua nyuzi 45. Kutoka kwenye kikombe cha mkanda hadi kwenye rili ni kama sentimita 40. Fimbo ya futi saba isiyopinda itaipeleka ncha karibu sentimita 151 mbele yako. Nane mara 151, gawanya kwa 40: kamba zinazoshika rili lazima zivute kilo 30 hivi ili fimbo isianguke. Fimbo ya futi tano na nusu, hata kama haipindi kabisa, ncha yake inafika sentimita 119, na mzigo unashuka hadi kilo 24. Sasa ikiwa fimbo hiyo fupi inapinda vizuri, ncha inarudi mpaka sentimita 90 kutoka kwako, na mgongo unabeba kilo 18. Samaki ni yule yule, breki ni ile ile, ila mmoja anabeba kilo 30 na mwenzake 18. Zidisha kwa saa moja.

Kwa hiyo ile "laini" uliyoiona dukani usiidhanie kuwa ni udhaifu. Fimbo inayopinda inajifupisha yenyewe pale mzigo unapozidi, na samaki akilegeza inanyooka, inarudisha ule mvuto bila wewe kufanya kitu. Fimbo ya ratili 80 hadi 130, kwa breki ya kilo 8, haipindi. Inabaki imenyooka kama mlingoti, na urefu wake wote unakuwa mali ya samaki. Unaweza kusema: basi nikaze breki mpaka ipinde. Rudia hesabu kwa kilo 12 na fimbo ya futi saba: utapata karibu kilo 45 kiunoni kwa mtu aliyesimama juu ya sakafu inayoyumba. Nimeona wanaume wenye vifua vipana wakishindwa na hilo ndani ya dakika kumi.

Na mpindo wenyewe utazame unakaa wapi. Fimbo nzuri ya kusimamia inapinda kuanzia nchani, mpindo ukiteremka taratibu kadiri mzigo unavyoongezeka, lakini karibu na kishikio cha mbele lazima kuwe na nguvu iliyobaki. Hiyo nguvu ya chini ndiyo inayomwinua jodari. Fimbo inayopinda mpaka chini ya kishikio imekwisha nguvu: utaivuta na samaki hatajua kama umevuta. Fimbo inayopinda nchani tu, kisha chini ni gogo, ni ile ya futi saba iliyovaa nguo nyingine.

Fimbo hizi fupi hazikubuniwa kwa ajili ya kufurahisha watu. Chanzo chake kikubwa ni San Diego, Marekani, kwenye boti zinazosafiri siku nyingi kusini kufuata jodari wa zaidi ya ratili 200, mpaka visiwa vya Revillagigedo huko Mexico. Boti moja inabeba wavuvi wengi, hakuna viti, na aliyenasa samaki lazima amfuate kuzunguka ukingo wote wa boti, akipita chini na juu ya mishipi ya wenzake. Fimbo ndefu hapo ni balaa. Wakazifupisha, wakaongeza mkanda wa mapajani na ule wa nyuma, na wakagundua kuwa mtu aliyesimama vizuri anaweza kumchosha samaki haraka kuliko walivyodhani. Baadaye Marsha Bierman, mvuvi wa kike wa Marekani, akawaonyesha watu wa nduwaro kwamba na wao wanaweza kuvua wamesimama na fimbo fupi mkononi. Boti yako, nahodha, kwa umbo lake iko karibu na hao kuliko ilivyo karibu na boti aliyotoka rafiki yako.

Sasa uzito wa mshipi. Mkondo wa Pemba utakupa sulisuli, utakupa nduwaro mwenye milia, na jodari wakija wanakuja na fujo. Mara moja moja atatokea nduwaro wa buluu au mweusi ambaye hukumwalika. Ningekuwa wewe ningenunua fimbo ya daraja la kilo 24, yaani ya mshipi wenye nguvu ya kilo 24, ile wanayoiandika ratili 50. Breki wakati wa kunasa huwekwa karibu theluthi moja ya nguvu ya mshipi, kwa hiyo kilo 8, na kilo 8 ni mzigo ambao mtu wa kawaida, akifungwa mikanda vizuri, anaweza kuumudu kwa muda mrefu. Daraja la kilo 37 linakupeleka kwenye breki ya kilo 12, na hiyo tayari inataka mtu aliyezoea. La kilo 60 liachie viti. Kwa sulisuli peke yake daraja la kilo 15 linatosha na lina raha zaidi, lakini umesema fedha haitoshi kukosea, basi kilo 24 mbili kwanza, ya kilo 15 utaiongeza msimu ujao.

"Na akija mkubwa je?" Akija mkubwa, fimbo yako ya pili ni usukani. Boti ya futi 24 yenye mashine mbili inageuka upesi kuliko boti yoyote kubwa. Mfuate, usimruhusu amalize mshipi, usikae juu yake kwa muda mrefu. Nduwaro wengi waliopotea kwenye boti ndogo hawakupotea kwa sababu fimbo ilikuwa laini. Nahodha alisimamisha mashine akaenda kutazama.

Jihadhari na maandishi kwenye fimbo. Siku hizi, tangu mshipi wa kusuka ulipoenea, utakuta fimbo imeandikwa "50–100" au "60–130", na nambari hizo zinataja mshipi unaoweza kupakia kwenye rili. Hazisemi breki kiasi gani inaipinda. Mtengenezaji huyu na yule hawapimi sawa. Kwa hiyo nenda dukani na dumu. Ndiyo, dumu la lita 10: maji lita 10 ni kilo 10, na dumu lenyewe halizidi nusu kilo. Omba ruhusa, funga rili, pitisha mshipi kwenye pete zote, funga dumu lenye lita 8, simama juu ya ngazi au ukingo wa gati, vaa mkanda, uinue. Usiinue fimbo juu ya kichwa. Iweke pale utakapovulia, ncha ikiwa juu kidogo tu ya usawa wa macho. Mwenzako atazame kutoka ubavuni: mpindo umefika wapi? Kwa kilo 8 nataka thuluthi ya juu iwe imelala kabisa na katikati iwe imeanza kuitikia. Kisha ongeza maji mpaka kilo 10, na sasa katikati ifanye kazi, lakini karibu na kishikio kuwe bado kumenyooka. Muuza duka asiyekuruhusu kufanya hivyo, mwache na fimbo zake.

Baki na dumu hilo likining'inia dakika tano bila kulishusha. Mgongo utakuambia mengine ambayo mimi siwezi kukuandikia.

Urefu. Wako wanaosifu fimbo za futi tano kamili, na kwa hesabu ya wenzo wana haki. Wewe usifike huko, kwa sababu ya mashine zako. Mashine za nje zimetoka nyuma ya tezi, na jodari akichoka huzunguka chini ya boti, duara baada ya duara. Kila duara mshipi unapita karibu na panga za mashine. Fimbo ikiwa fupi mno mkono haufiki kuutoa mshipi upande wa pili. Futi tano na nusu, yaani sentimita 168 hivi, inakupa nafasi ya kuipitisha ncha nyuma ya mashine huku mwenzako akiziinua au akiigeuza boti. Futi sita kwa boti yako pia haitakuwa kosa kubwa ikiwa inapinda vizuri, ila zaidi ya hapo hapana. Wageni wengine hupenda kuandikisha rekodi, basi ujue na hili: IGFA, shirika la kimataifa la wavuvi wa mchezo lililoanzishwa 1939, linataka sehemu ya mbele ya fimbo, kutoka chini ya katikati ya rili hadi nchani, isipungue sentimita 101.6, na tako lisizidi sentimita 68.58. Fimbo ya futi tano na nusu inapita. Mwambie mgeni pia, kabla hamjatoka, kwamba mtu mwingine akigusa fimbo, rili au mshipi wake wakati anapambana na samaki, rekodi imekwenda. Baharia wako mwenye huruma ndiye huiharibu.

Tako liwe limenyooka, na mwishoni liwe na chuma chenye mkato wa msalaba. Msalaba huo unakaa kwenye pini ya kikombe cha mkanda ili fimbo isijizungushe rili ikataka kulala ubavuni. Vilevile unaishika fimbo kwenye tundu lake mbavuni mwa boti mnaporambaza, yaani mnapokokota chambo nyuma ya boti. Pima tako pamoja na mkanda mnaoutumia, usilipime peke yake. Mkanda wa mbele ukae chini, juu ya mapaja, si tumboni. Nimewatibu kwa barafu wageni waliovaa kikombe juu ya kitovu. Mkanda wa nyuma ukae chini ya makalio kama pembea, kamba zake zishike masikio mawili yaliyo juu ya rili. Vikikaa sawa, mgeni anaweza kuachia mikono yote miwili na fimbo ikabaki hapo hapo, kisha anavuta kwa kukunja magoti na kuketi nyuma kidogo. Uzito wa mwili unafanya kazi, mikono inazungusha rili tu. Kama tako ni refu mno rili inamkaa kifuani. Likiwa fupi mno anainama. Watu hawalingani urefu, kwa hiyo nunua mikanda inayorefushwa.

Hapa nikuombe jambo kwa moyo wote. Mtu aliyefungwa kwenye rili amefungwa kwa samaki. Mshipi ukikwama ndani ya rili wakati nduwaro anakimbia, kinachokwenda baharini ni mtu. Awepo baharia nyuma yake muda wote, mkono kwenye mkanda, na kisu kikali mahali anapokifikia bila kutafuta. Kisu kile usikitumie kukatia chambo.

Rili sitakaa nayo sana. Iwe ya breki ya wenzo wa kusukuma na gia mbili, ukubwa wa 30 pana au 50: Shimano Tiagra au Penn International, mpya au iliyotumika, zote nimeziona zikidumu kwenye chumvi yetu. Ukubwa wa 80 ni uzito wa bure mikononi mwa aliyesimama. Gia ya pili, ile ya polepole, utaishukuru siku jodari amelala mita 60 chini na hataki kupanda.

Mshipi upite kwenye roda, yaani vijigurudumu, au kwenye pete? Hili watu hubishana mpaka chai inapoa. Roda zinapunguza msuguano na ni nzuri kwa mshipi wa nailoni mzito. Lakini zinataka kuoshwa kwa maji baridi kila siku, kutiwa mafuta, na kuzungushwa kwa kidole moja moja, na roda iliyoganda kwa chumvi ni mbaya kuliko pete: mshipi unaikwaruza mahali pale pale mpaka unakatika. Mshipi wa kusuka nao ni mwembamba, unaweza kuingia kati ya roda na fremu yake. Ukiwa utatumia nailoni na una baharia mwenye bidii, chukua roda. Ukiwa utajaza mshipi wa kusuka chini na nailoni juu, chukua pete imara za silikoni kabidi, na ncha peke yake iwe roda ukipenda. Mimi kwa boti ndogo za wageni, ambazo fimbo hulala usiku bila kuoshwa kwa sababu watu wamechoka, nachagua pete.

Mwili wa fimbo uwe wa faiba, au faiba iliyochanganywa na kaboni. Kaboni tupu ni nyepesi na inavutia dukani, lakini ikigongwa ukingoni au ikidondokewa na risasi ya mshipi inapata ufa usioonekana, na siku moja inapasuka ikiwa imepinda. Pia haipendi kuinuliwa wima. Faiba inavumilia mabaharia na wageni.

Ukipata zilizotumika, na pwani hii zipo, pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete: pamba ikiacha nyuzi, pete ina ufa, itaukata mshipi. Zungusha kila roda. Shika kiti cha rili kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, ujaribu kuzisokota kinyume. Zikicheza hata kidogo, gundi imeachia. Tazama chini ya nyuzi zilizofunga pete, kama kuna kutu inayochungulia. Kisha dumu.

Nikupe kisa kimoja. Zamani, kwenye boti niliyokuwa nahodha wake, isiyo na kiti kama yako, tulikuwa na fimbo ndefu za daraja la kilo 37, kwa sababu mwenye boti aliamini kama anavyoamini rafiki yako. Mgeni alinasa jodari asubuhi nje ya Watamu. Baada ya dakika arobaini alikuwa anatetemeka, fimbo ameilaza juu ya ukingo wa boti, na kila samaki alipopiga mkia faiba ilisaga ukingoni. Ilikatika hapo ilipolalia. Alikaa chini akalia, mtu mzima, amesafiri kutoka mbali, na mimi sikuwa na la kumwambia. Msimu uliofuata tulipata mbili fupi za kilo 24. Jodari walewale wakaanza kupanda kwa dakika ishirini, thelathini, na wageni wakashuka gatini wakiwa wanatembea wima.

Kabla hujaenda Mombasa, fanya kipimo kimoja nyumbani. Simama tezini kwako, peku, ukingo wa boti ukuguse mguuni. Ukingo unafika wapi? Ukifika katikati ya paja, mgeni anaweza kuegemea akavuta. Ukiishia gotini au chini yake, hakuna fimbo itakayomfanya awe salama hapo; itabidi kwanza uweke bomba la chuma la kuegemea, na fedha ya fimbo ya pili iende huko. Niandikie kipimo hicho kwa sentimita, pamoja na upana wa nafasi kati ya mashine zako na ukingo wa kushoto, nami nitakuambia kama futi tano na nusu inatosha au uongeze inchi mbili tatu.